Saa ya Zanzibar inaulizwa Nairobi

Mwaka jana tulimzika bibi yangu, mama yake baba. Alifariki alfajiri, nyumbani Mkunazini, na kama ilivyo kawaida yetu mambo hayakungoja. Ilipofika saa 2 asubuhi wazee walikwishaamua: maziko saa 7 mchana, baada ya sala ya adhuhuri, makaburi ya Mwanakwerekwe. Tangazo likapelekwa redioni, watoto wakatumwa misikitini. Waliobaki ni watu wa nje. Shangazi yuko London, na ami, kitinda mimba wa bibi, yuko Maskati miaka mingi. Ami hakupata ndege ya kumfikisha kwa wakati. Aliomba kitu kimoja tu: saa ya maziko ikifika atapiga simu, mtu mmoja aishike pale kaburini ili asikie dua.

Binamu yangu alipewa kazi ya kuwajulisha. Akaandika saa kwenye kalenda ya simu yake na kuituma kwa ukoo mzima. Alibonyeza 7:00, simu ikajaza yenyewe kwamba ni jioni. Maskati, ambako wako mbele yetu kwa saa moja, ikafika kuwa ni 20:00. Binamu aliliona kosa baada ya dakika kumi hivi, akalirekebisha. Lakini ami alikwishanakili saa ile ya kwanza kwenye kikaratasi, na hakuwa na sababu ya kuangalia tena.

Saa 1 usiku simu ya baba ikalia. "Mmeshatoka nyumbani?" ami akauliza. Baba alikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akikaa kimya.

Nisingependa kumlaumu mtu. Binamu ana miaka 19 na alikuwa analia huku anaandika. Lakini kwa kuwa kazi yangu ni uandishi wa habari, jambo lile limenikaa kichwani. Taarifa ya kwanza ilifika. Taarifa ya kusahihisha haikufika. Sisi wa magazetini tunalijua hilo vizuri mno: kosa linatoka ukurasa wa mbele kwa herufi kubwa, sahihisho linatoka baada ya siku nne, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la kiwanja. Nikaanza kujiuliza ni nani hasa anayeziambia simu zetu kwamba Unguja ni saa ngapi, na akikosea nani anamwambia yeye. Nilidhani nitapata jibu la mistari miwili. Msomaji, jiwekee chai.

Tuanze hapa hapa Mji Mkongwe. Zamani taarifa ya wakati ilikuwa ya sikio. Adhana mara tano kwa siku, na mbiu ya mgambo kukiwa na jambo. Siku ilianza jua linapotua, ndiyo maana hadi leo mzee akikwambia "usiku wa Ijumaa" anakusudia ule unaoitangulia Ijumaa, yaani Alhamisi jioni kwa hesabu ya ofisini. Na saa tulizihesabu tangu jua kuchomoza na kutua. Kwa utaratibu huo huwezi kupishana na jirani yako, kwa sababu nyote mnalitazama jua lile lile.

Mambo yakabadilika na waya. Mwaka 1879 kebo ya simu ya maandishi ilifika Unguja kutoka Aden, ikaendelea kusini mpaka Msumbiji na Durban. (Ukipita Shangani, hoteli ya Serena imo ndani ya lile jengo la zamani la kampuni ya simu.) Mwaka 1883 Sultan Barghash akajenga Beit al-Ajaib. Zanzibar ikawa mahali ambapo saa mbili zinaishi chumba kimoja, ya jua na ya meli za Wazungu.

Kila mtu anaijua vita ya tarehe 27 Agosti 1896, ile ndogo kuliko zote duniani. Sultan Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25, Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ridhaa ya Waingereza, nao wakampa muda: bendera ishushwe na kasri liachwe ifikapo 9:00 asubuhi ya tarehe 27. Dakika mbili baada ya muda huo mizinga ya manowari ikaanza, na haikufika hata saa nzima vita ikawa imekwisha, Khalid yumo ndani ya ubalozi wa Wajerumani. Huwa tunasimulia idadi ya dakika kama kichekesho. Mimi sasa kinachonishika ni ile 9:00. Kwa mtu wa mjini pale ilikuwa saa 3. Amri ya kufa na kupona iliandikwa kwa saa ya meli, na aliyetaka kujua muda wake umebaki kiasi gani ilimlazimu aihesabu kwa saa ya aliyemwelekezea mzinga. Baada ya vita Beit al-Ajaib ikapewa mnara wa saa mbele yake, kila aliyekuwa forodhani akawa anauona. Mnara ule uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, pamoja na sehemu kubwa ya jengo, na watu wawili wakapoteza maisha.

Halafu zikaja saa za serikali, na hapa ndipo pana vituko. Kisayansi jua la Unguja liko mbele ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 37 hivi. Unguja iko nyuzi 39 na ushee mashariki, na kila nyuzi moja ni dakika nne, piga mwenyewe hesabu. Ndiyo maana jua halifiki utosini saa 6 kamili kwa saa ya ukutani, linachelewa dakika ishirini na kitu. Wakubwa wa kikoloni hawakupenda dakika 37, walitaka namba nzuri, ila hawakukubaliana namba nzuri ni ipi. Kenya mwaka 1908 ilishika saa mbili na nusu. Mwisho wa Juni 1928 wakasogeza mbele nusu saa, ikawa tatu kamili. Januari 1930 wakairudisha. Ulipoingia mwaka 1937 wakaongeza robo, ikawa mbili na dakika 45. Tarehe 1 Agosti 1942 wakarudi kwenye tatu, na hapo ndipo ilipo hadi leo. Wazia karani wa reli wa miaka ile!

Sasa rukeni nami kutoka kwa karani hadi kwenye kompyuta, kwa sababu vituko hivyo vyote vimo ndani ya simu yako. Kompyuta haijui saa ya Unguja. Ndani yake inahesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya Greenwich, basi. Ikitaka kukuonyesha saa ya hapa, inafungua jedwali linalosema mahali fulani, tangu tarehe fulani, ongeza kiasi fulani. Jedwali hilo ni kifurushi kidogo cha programu kinachoitwa tz. Kimo kwenye Linux, kwenye simu za Android na za Apple, kwenye mitambo ya benki na ya mashirika ya ndege. Kilianzishwa miaka ya 1980 na Arthur David Olson, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi za afya za serikali ya Marekani. Baadaye msimamizi akawa Paul Eggert wa chuo kikuu cha California, Los Angeles. Hawakuwa na jengo wala bajeti ya kutisha. Ni kazi ya kujitolea, na miaka yote imeishi kwa kitu kimoja: watu wa huku na huko kuandika kusema, jamani, kwetu mmekosea.

Hebu tuone inavyokwenda. Serikali inaamua kubadili saa. Mtu mmoja wa nchi ile, mara nyingi fundi wa kompyuta ambaye hakutumwa na yeyote, anaandika barua na kuambatanisha tangazo la serikali. Wengine wanahoji: tangazo ni la kweli? linaanza usiku wa kuamkia lini? Msimamizi anabadili mstari mmoja wa jedwali, anatoa toleo jipya, na taarifa inakwenda kwa kila aliyejiandikisha kupewa habari. Wanaopokea si mimi na wewe. Ni wale wanaotunza vifurushi ndani ya mifumo mikubwa, nao wana utaratibu wao wa kupashana. Wale wa Debian, kwa mfano, wana daftari la hitilafu tangu mwaka 1994, lililoanzishwa na Ian Jackson. Kila hitilafu ina namba yake, na barua yoyote iliyotumwa kwa namba ile inahifadhiwa hadharani. Mwaka 2002 wakaongeza jambo ambalo mimi nalipenda zaidi: hata kama kifurushi si chako, unaweza kujiandikisha uwe mdau wake, na kila kinapobadilika au kosa likiripotiwa unapewa habari. Hawakuulizi wewe nani. Inatosha kwamba linakuhusu.

Mfano wa jirani zetu. Januari 2021 Sudan Kusini, wenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, walitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Februari wataachana na saa hii yetu ya tatu na kurudi kwenye mbili, iliyo karibu zaidi na jua lao. Tarehe 24 Januari toleo jipya la tz likatoka. Wiki moja tu! Ndani ya wiki hiyo habari ilipaswa kutoka kwa msimamizi, ifike kwa watunza mifumo, kwa watengenezaji wa simu, hadi mfukoni mwa mtu wa Juba. Simu isiyopata toleo jipya iliamka tarehe 1 Februari ikiwa mbele saa nzima, na haikuwa na njia ya kujua.

Lebanon walifanya makubwa zaidi. Machi 2023, siku chache kabla ya kusogeza saa mbele kama ilivyo desturi yao, serikali ikasema hapana, tungoje Ramadhani iishe. Toleo jipya likatolewa tarehe 23. Baadhi ya taasisi, likiwemo kanisa la Maroni, zikakataa. Nchi ikawa na saa mbili kwa wakati mmoja, mtu na mtani wake. Serikali ikarudi nyuma, na tarehe 28 likatoka toleo jingine la kulifuta lile la kwanza. Kwenye maelezo yake waliandika wazi kwamba wamerudisha mambo yalivyokuwa kwa sababu ya vurugu za saa za Lebanon. Napenda watu wanaoandika hivyo. Hawakuficha kosa, hawakulisingizia kitu. Gazeti gani letu lingeweza?

Na kuna mara moja kazi yote nusura izimike. Septemba 2011 kampuni moja ya Marekani inayouza programu za unajimu, Astrolabe, iliwashitaki Olson na Eggert binafsi. Hoja yao ilikuwa kwamba historia ya saa za zamani iliyomo kwenye jedwali ilichukuliwa kwenye kitabu ambacho haki zake ni zao. Msomaji wa Unguja hashangai kwa nini wanajimu wana kitabu cha saa: anayepiga falaki lazima ajue ulizaliwa saa ngapi hasa, na kama saa ya siku ile ilikuwa ya nusu au ya robo. Mapema Oktoba hifadhi ya jedwali ikafungwa. Tarehe 14 Oktoba ICANN, wale wanaosimamia majina ya intaneti, wakaichukua chini ya mwavuli wao, na Februari 2012 kampuni ikaiondoa kesi na kuomba radhi. Kwa siku kadhaa, lakini, daftari la saa za dunia nzima lilikuwa halina mlango wa kubisha.

Sasa turudi kwetu. Nilipofungua jedwali lile kutafuta Zanzibar, sikushangaa kuikosa. Utaratibu wao ni kutumia mji mmoja kwa eneo lote ambalo saa zake zimefanana tangu 1970, kwa hiyo nilitegemea kukuta Dar es Salaam. Jina la Dar limo. Lakini tangu mwaka 2014 Dar haina tena mstari wake mkuu. Jina lake ni kibao cha njia kinachosema: nenda Nairobi. Pamoja nayo wamo Kampala, Mogadishu, Addis Ababa, Asmara, Djibouti, Komoro, Mayotte na Antananarivo. Wote tukiulizwa saa, anajibu Nairobi.

Kwa saa ya leo hakuna dhara lolote, sote tuko tatu kamili. Dhara liko kwa saa ya jana. Mstari wa zamani wa Dar, ambao sasa umewekwa kwenye faili la akiba lisilotumiwa na mifumo mingi, unasema Dar ilishika saa tatu mwaka 1931, ikarudi mbili na dakika 45 mwaka 1948, ikashika tena tatu mwaka 1961. Iulize kompyuta leo kuhusu Dar ya mwaka 1950: itakujibu kwa saa ya Nairobi, na utapishana na mstari ule kwa robo saa. Waliouondoa walikuwa na sababu ya maana. Walisema taarifa nyingi za aina ile zilitoka kwenye kile kitabu cha wanajimu na hazikuonyesha zilikotoka, huenda nyingine zilibuniwa tu. Kuna waliopinga vikali, wakasema usifute historia ya mji kwa sababu tu ni ya mashaka. Sikuona kwenye mabishano yale sauti yoyote ya kwetu.

Hapo ndipo naona tumejipunja wenyewe. Mwishoni mwa 2020 mstari wa Nairobi ulisahihishwa, na zile tarehe nilizokutajia za 1908, 1928, 1930, 1937 na 1942 zimetoka huko. Zilipatikana vipi? Mtu alifungua magazeti rasmi ya serikali ya kikoloni, akasoma matangazo ya kubadili saa, akaandika barua na ushahidi. Kazi ya maktaba. Kazi ambayo mwanafunzi wa historia wa mwaka wa pili anaiweza kwa wiki moja. Na kwa kuwa sisi ni kibao cha njia tu, masahihisho yale ya Kenya yakageuka kuwa historia yetu pia. Kompyuta iliyoko Vuga, ukiiuliza saa ya Unguja siku ya mwaka wowote wa enzi ya kikoloni, inakusomea gazeti la serikali ya Kenya.

Na Zanzibar haikuwa Kenya. Haikuwa Tanganyika pia. Hadi tarehe 10 Desemba 1963 ilikuwa nchi ya Sultan chini ya himaya ya Waingereza, yenye sheria zake na gazeti lake rasmi, lililoanza kuchapishwa mwaka 1892, kabla hata reli haijafika Nairobi. Nyaraka ziko pale Kilimani, mwendo mfupi kutoka Mnazi Mmoja. Hatuna kisingizio cha umbali. Mlango wa kubisha upo wazi, hauulizi cheo wala nchi, ni barua moja tu na nakala ya ukurasa.

Nimewahi kulisema hili Jaws Corner kwenye kahawa, nikachekwa. Mzee mmoja akaniuliza: "Mwanangu, robo saa ya mwaka 1950 utainunulia nini?" Sikuwa na jibu zuri. Nilitaka kumwambia kwamba kuna watu walizaliwa katika robo saa ile, na wengine walikufa. Lakini kahawa ilikuwa imekwisha, na ukweli ni kwamba nilikuwa namfikiria ami.

Ami alikuja Unguja wiki mbili baada ya maziko. Tulimpeleka Mwanakwerekwe asubuhi, akasimama peke yake, sisi tukabaki barabarani. Hakumtaja binamu wala saa. Siku ya kuondoka alimwita yule kijana, akamkumbatia, akampa saa yake ya mkononi. Ilikuwa bado inasoma Maskati.

Khitma ya arobaini baba aliandika taarifa mwenyewe, kwa ujumbe wa kawaida, kalenda hakuigusa. "Saa 10 alasiri, yaani 16:00 ya Unguja, 17:00 ya Maskati. Kwa London angalia mwenyewe, siku hizi sijui wameigeuza au bado. Kukiwa na mabadiliko nitampigia kila mmoja. Ukiiona, jibu."

Majibu yakaanza kuingia moja moja. La ami lilikuja la mwisho, usiku sana. "Nimeiona."